Siku Mzee Mhina Alipokubali Kupigwa Picha

Mtu akija hapa Masuguru, Korogwe, akaniuliza studio ya Grasiana iko wapi, namwonyesha kwa kidole, halafu namuuliza na mimi: unajua ile kamera yake aliipataje? Wengi wanadhani alinunua. Wenye midomo yao wanasema alihongwa na mwanamume. Mimi nilikuwepo. Na mimi si mtu wa kushtuka ovyo, nimezika watu, nimeona mafuriko, lakini nikikumbuka siku ile pale ukumbini bado vinyweleo vinanisimama.

Naitwa Swaumu. Miaka ile ya kuhamia vijijini nilikuwa nakaanga vitumbua barazani kwa Bwana Semboja, mwenye studio ya picha Korogwe mjini. Yeye ndani anawapiga watu picha mbele ya pazia lenye maua, mimi nje nawauzia vitumbua wakisubiri zamu yao. Grasiana alikuwa msichana wake wa kusafisha picha. Akiingia chumba cha giza asubuhi, anatoka jioni macho mekundu, vidole vimechubuka kwa dawa.

Baba yake, Mzee Yordani, ni Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge enzi za Mwingereza. Bei ya mkonge ilipoanguka akaachana na mashamba ya watu, akapata kipande cha ardhi kule Kang'ata, Handeni, akawa mkulima katikati ya Wazigua. Sasa mimi ni Mzigua, na Mzigua na Mnyamwezi ni watani. Asubuhi nikimwona Grasiana namwita mpagazi, namuuliza mzigo wake ameutua wapi. Yeye ananiita mla bada, ule ugali wetu wa muhogo, ananiuliza kama leo nimekumbuka kunawa. Tusipotukanana, siku haiendi.

Kama kwenu hakuna utani, nikueleze kidogo. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na huna ruhusa ya kununa. Lakini ukifiwa, mtani ndiye anayechimba kaburi, na ndiye anayeingia matangani kufanya vituko mpaka waliofiwa wacheke. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye. Tena anakamata mali ya wafiwa: kuku, baiskeli, jembe, chochote kilicho karibu. Kitu kikishakamatwa na mtani hakirudi mpaka kikombolewe, hata kama ni godoro la bwana harusi.

Grasiana hakutaka kusafisha picha. Alitaka kuzipiga. Akimwambia hivyo Bwana Semboja, yule bwana anacheka mpaka anashika mlango. "Mwanamke ashike kamera! Nani atasimama mbele yake? Wote watajificha." Na mimi nilicheka, nisiseme uongo. Sikuwa nimewahi kuona mwanamke mwenye kamera, ningeachaje kucheka?

Kisha likaja tangazo. Mtaalamu wa picha atatoka Dar es Salaam, atakaa ukumbi wa chama hapa Korogwe, atazame picha za vijana wa Korogwe na Handeni kuhusu maisha katika vijiji vipya. Mmoja atachaguliwa kwenda Dar kusomea kazi, akimaliza aajiriwe. Mmoja tu. Grasiana alisimama mbele ya tangazo lile akalisoma mpaka watu wakaanza kumsukuma.

Sijui nini kilimgusa Bwana Semboja, labda alichoka kuombwa. Alimpa kamera yake ya zamani na filamu moja. "Moja tu. Ukiiharibu, urudi kwenye karai lako la dawa na usiniimbie tena wimbo wa kamera."

Grasiana akaenda kwa baba yake Kang'ata. Wakati huo watu walikuwa wanahama kutoka mashambani kwao, kila ukoo ulikokuwa umekaa tangu enzi za mababu, kuja kijiji kipya kando ya barabara. Aliporudi mara ya kwanza alikaa kwenye kigoda changu na hakula kitumbua hata kimoja, yeye ambaye hula vya jana. Alisema ameona nyumba zimeng'olewa mapaa na bado moto uko jikoni. Ameona mama amebeba mlango wa nyumba yake kichwani, mlango mzima na komeo lake, anatembea nao barabarani kimya. "Nimempiga picha," akasema. Mimi sisemi vijiji vilikuwa vibaya. Shule ilikuja na kisima kikaja, na wanangu wamesoma. Lakini siku ile nilimsikiliza mpaka mafuta yakaungua.

Jirani ya Yordani kule Kang'ata alikuwa mzee mmoja Mzigua, Mzee Mhina. Mbishi, hakuna mfano. Naye alihamishwa, akaja kijijini na mlango wake wa mninga, akaupachika kwenye kibanda cha udongo ambao haujakauka. Kilichomjulisha kwa watu ni kitu kimoja: hakuwahi kupigwa picha maisha yake yote. Walipokuja maofisa kuwapiga picha wakuu wa kaya mbele ya nyumba mpya, Mzee Mhina alijifunika ungo usoni akakaa hivyo mpaka gari likaondoka. Yordani, kwa kuwa ni mtani na hana adabu, akamuuliza kisa. Mzee akajibu, "Kidude hicho kilinichukulia mdogo wangu. Mimi hakinichukui. Watanipiga picha siku nimekufa."

Na kweli, haukupita muda. Alikula chakula cha mchana, akajilaza, wakaja kumwamsha kwa sala ya alasiri, hakuamka. Hakuwa ameugua hata mafua. Kijiji kizima kilipigwa na bumbuazi, maana ndilo lilikuwa kaburi la kwanza mahali pale, hata hawakujua wamzike upande gani.

Arobaini yake ilipofika, Grasiana alikwenda na kamera, filamu ikiwa imebakiza picha chache. Wazee wamemaliza kusoma dua, wali unapakuliwa, mara nyuma ya nyumba akatokea Mzee Mhina. Koti lake jeusi lenye kiraka mgongoni. Kofia yake ya kiua imevutwa mpaka kwenye nyusi. Bakora yake. Anachechemea vilevile, bega moja chini, anatafuna ugoro uleule. Bibi mmoja alipiga yowe akaangusha sinia. Watoto walikimbia. Watu wakagundua kuwa ni Yordani pale tu alipokuja karibu na kumwambia mwenye sinia, "Hata nikifa unanimwagia wali?"

Ndipo wakacheka. Walicheka wale watu, Grasiana anasema, kama waliokuwa wamefungwa kamba wakafunguliwa. Na Yordani akamgeukia binti yake, kwa sauti ya marehemu: "Wewe! Huyo Mhina wa zamani alikuwa mjinga, alikataa picha. Mimi Mhina wa sasa nazitaka. Piga!" Akaweka mguu mmoja kwenye kizingiti cha ule mlango wa mninga, akainua bakora, akacheka akitazama pembeni. Nyuma yake, kwenye giza la mlango, alionekana Mama Mwaija, mjane wa marehemu, aliyekuwa ndani ya eda, kajitanda kaniki, analia na kucheka pamoja. Grasiana akapiga.

Ilipotokea kwenye karai aliniita ndani ya chumba cha giza niione. Mimi Mzee Mhina sikuwahi kumwona hata siku moja. Nilichoona ni mzee mwenye furaha mpaka unatamani kumwamkia. Nikamwambia, "Mpagazi, hii ndiyo itakupeleka Dar."

Siku ya mtaalamu niliacha vitumbua vyangu nikamsindikiza. Ukumbini walikuwepo vijana kama kumi na kitu, wanaume watupu, kila mmoja na bahasha kifuani. Mtaalamu aliitwa Bwana Athuman. Mtu mzima, mwembamba, miwani minene, suti ya mikono mifupi iliyopigwa pasi mpaka inakata. Kifuani alining'iniza kamera yake mwenyewe, si ya serikali, ile ya kutazamia kwa juu, ambayo mpigaji huinamisha kichwa kana kwamba anachungulia kisima. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kabisa. Hakuna aliyefikiri kuna kwao kwingine zaidi ya huko Dar.

Alianza kwa masharti. "Nitatazama picha, sitawasikiliza ninyi. Mtu asifungue mdomo kunieleza. Picha inayohitaji mwenyewe aisemee haijaiva." Na sharti la pili alilirudia kwa kila mmoja: "Kilichoko katikati kila mtu anakiona. Mimi natazama pembeni. Pembeni ndiko picha inakosema kweli."

Aliwachana wale vijana, mimi mwenyewe nikaona huruma. Mmoja alileta matrekta, matrekta matupu, kijana wa watu amesafiri nayo. "Matrekta mazuri. Yanajiendesha? Watu wako wapi?" Mwingine alileta wakulima wamepanga mstari na majembe. "Hawa umewaambia wacheke. Wanaonyesha meno tu, wewe unaona kicheko hapo?" Kila aliyerudi kukaa alikuwa anatazama viatu vyake. Grasiana alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kama samaki.

Zamu yake ikafika. Bwana Athuman alipomwona mwanamke aliinua kichwa kidogo, akakirudisha. Hakusema kitu, na hilo nikamhesabia wema. Grasiana akapanga picha mezani. Mzee akazipitia moja moja. Foleni ya kisimani, akaguna. Nyumba isiyo na paa, akatulia. Alipofika kwa mama mwenye mlango kichwani aliivuta karibu, akaiweka, akaichukua tena. Vijana nyuma wakaanza kunong'ona.

Akachukua ya mwisho. Mkono ukasimama hewani.

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Akavua tena. Midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Kisha akasukuma kiti, akasogea dirishani kwenye mwanga, na yule mtu aliyekuwa anawachana watu tangu asubuhi akapiga magoti kwenye sakafu ya ukumbi, picha mikononi, akasema kitu kwa Kizigua. Kizigua cha ndani kabisa, cha bibi zangu. Nilishtuka mpaka nikasimama. Alikuwa anasema, "Kaka yangu. Kaka yangu huyu. Amekubali."

Akatugeukia, machozi yanamtoka bila aibu. "Huyu ni Mhina, kaka yangu, tumbo moja. Mimi kwetu ni Kang'ata! Huko naitwa Mdoe, Athuman ni jina la chuoni, nilikosoma Kurani, ndilo nililokwenda nalo mjini. Nilikuwa kijana, nimepata kamera kwa Mzungu niliyemfanyia kazi, nikaja nayo nyumbani kwa mbio, nimpige kaka picha yangu ya kwanza kabisa. Akaipiga kwa bakora ikavunjika. Akaniambia, 'Utanipiga picha siku nimekufa.' Nikaondoka. Kwa hasira nikaondoka, nikasema sirudi mpaka aniite, naye si mtu wa kuita. Nimepiga picha za watu wote wa nchi hii, wakubwa kwa wadogo. Nyumbani kwangu sina picha ya ndugu yangu hata moja." Akainua ile picha tuione. "Mtazameni anavyocheka! Binti, ulimwambiaje? Umemfanyaje mpaka akakubali?"

Nilijua picha ile ilipigwaje. Grasiana alijua. Wengine wote walikuwa wanatabasamu kama watu walio arusini.

"Nikitoka hapa napanda basi," akasema Bwana Athuman. "Nakwenda nikamshike miguu kaka yangu. Na wewe binti, sina swali la kukuuliza. Nafasi ni yako." Akakaa, akachukua kalamu. Vijana wakapiga makofi, hata yule wa matrekta.

Grasiana alikuwa amesimama, mdomo wazi, uso umebadilika rangi kabisa. Nilimjua, nikaona anataka kusema. Nikamfinya paja kwa nguvu zangu zote. Nilimaanisha: mwache aandike kwanza! Atakwenda Kang'ata, ataambiwa na wenyewe, ndugu na jamaa wapo huko wa kumkalisha chini, wewe si nduguye. Nilimfinya, na leo ningemfinya tena. Maana kama ni kufa Mhina alishakufa, lakini nafasi ilikuwa moja na kalamu ilikuwa imeshafunguliwa.

Alinitoa mkono. Akasogea mezani.

"Shikamoo, mzee," akasema, wakati alishamwamkia mapema.

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee ni Mzigua?"

"Mzigua wa Kang'ata, nimekwambia."

"Mimi ni Mnyamwezi. Baba yangu ni Yordani, jirani ya Mzee Mhina."

Mzee akacheka. "Kumbe mtani! Ndiyo maana umemweza yule mbishi."

Grasiana hakucheka. Alinyoosha mikono miwili, akamvulia Bwana Athuman ule mkanda wa kamera shingoni, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto shati. Akaipakata kamera kifuani kwake, akarudi nyuma hatua mbili.

"Nimeikamata," akasema. "Sikupi mpaka uikomboe."

Wale vijana wa mjini hawakuelewa, mmoja alicheka akidhani ni mzaha wa furaha. Lakini Mzigua yeyote anaelewa. Mtani hakamati mali yako kwa dhati, bila kicheko usoni, kama huna msiba. Nilimwona Bwana Athuman akielewa. Ilianza kwenye macho, ikashuka midomoni, ikafika mkononi na kalamu ikaanguka ikabingiria mpaka chini. Alikuwa bado ameacha tabasamu usoni, hajapata nafasi ya kuliondoa.

"Nani?" akauliza.

Grasiana alitazama picha.

"Huyu hapa anacheka, mwanangu. Huyu hapa."

"Koti ni lake, mzee. Kofia ni yake, na bakora, na mlango. Aliyevaa ni baba yangu. Hii ni arobaini ya mwenye koti."

Nje mtu alikuwa anapigia debe mahindi ya kuchoma, sauti yake ikaingia yote. Bwana Athuman aliisogeza picha mpaka karibu na pua. Safari hii hakutazama mzee wa katikati. Macho yalikwenda pembeni, kwenye giza la mlango, na kidole kikafuata.

"Shemeji," akasema polepole. "Shemeji yangu Mwaija. Kajitanda kaniki." Akalaza mikono yote miwili mezani. "Tangu asubuhi nawaambia watu watazame pembeni."

Hapo ndipo alipolia kilio cha mfiwa, na wanaume wakamzunguka kumpa pole. Nilikuwa na hasira na huyu mpagazi mjinga, na wakati uleule nilitaka kumkumbatia.

Alipotulia akamwita Grasiana. Nilidhani sasa ataandika. Akasema, "Mwanangu, mimi si mpimaji tena. Nimekuwa mfiwa, na wewe ni mtani uliyenipa habari. Nikikupa nafasi leo, kila mtu atasema nimekupa kwa ajili ya kaka yangu, na mimi mwenyewe sitajua kama ni uongo." Akachukua karatasi, akaandika jina la yule kijana wa matrekta.

Wa matrekta! Yule mwenyewe alishtuka, akageuka nyuma kutazama kama anaitwa mwingine. Mimi nilisema maneno pale ukumbini ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wajukuu. Na Grasiana alilia. Asikudanganye mtu kuwa alimlilia Mzee Mhina. Alililia nafasi yake, alilia mpaka akapata kwikwi, na bado kamera alikuwa ameipakata. Alipoikumbuka akataka kuirudisha mezani.

Mzee akakataa. "Umekamata kwa haki. Haijakombolewa. Twende nayo nyumbani."

Kesho yake tulipanda basi la Handeni sisi watatu, kutoka huko tukapata lori la magunia mpaka Kang'ata. Njia nzima mkono wa Bwana Athuman kila mara ulikuwa unakwenda kifuani, pale kamera inapokaa, unakuta hakuna kitu, unarudi. Tuliposhuka barabarani watu wakatuona, na bibi mmoja, yuleyule wa sinia, akashika mashavu akalia, "Mdoe! Jamani, Mdoe!" Habari ikakimbia mbele yetu.

Tulifika kwenye kile kibanda chenye mlango wa mninga. Ulikuwa umefungwa. Watu wamejaa uani. Kutoka ndani tulimsikia Mama Mwaija anakohoa, maana hawezi kutoka. Bwana Athuman alisimama katikati ya ua kama mgeni asiyekaribishwa.

Mlango ukafunguka.

Akatoka Mzee Mhina. Najua alikuwa Yordani, nilijua hata wakati ule, lakini mimi nakwambia nilichokiona. Koti jeusi, kofia kwenye nyusi, bega moja chini. Alichechemea mpaka kizingitini, akatafuna, akatema pembeni, akamtazama Bwana Athuman kutoka juu mpaka kwenye viatu vyake vya Dar. Hakuna mtu aliyecheka.

"Umekuja, Mdoe," akasema. "Nilikwambia utanipiga picha siku nimekufa. Haya, nimekufa. Piga."

Mkono wa Bwana Athuman ukaenda kifuani, ukakosa. Grasiana akamsogezea kamera. Akaipokea, akainama kuchungulia kwa juu kama ilivyo ile kamera, akainama, akazidi kuinama, na tukasubiri mlio wake. Haukuja. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye kioo, tap, tap, unayasikia. Alijaribu kukifuta kwa kidole, akachafua zaidi. Mwisho akamrudishia Grasiana, akavuka ua, akapiga magoti mbele ya lile koti na kushika miguu ya Mnyamwezi.

"Nisamehe, kaka."

Niliogopa, nikafikiri Yordani ataharibu sasa kwa mzaha. Uso wake chini ya kofia ulikuwa umelowa. Kisha, kwa sauti ileile ya mzee mbishi: "Nilishakusamehe zamani. Ila nilikuwa naona tabu kusema. Inuka huko, unachafua suruali ya watu."

Ndani Mama Mwaija aliangua kicheko, kikageuka kilio, na ua mzima ukamfuata. Katikati ya makelele yale nilisikia mlio mdogo, ta! Grasiana alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, kichwa kimeinama juu ya kamera.

Bwana Athuman alikaa nasi mpaka kaka yake akasomewa hitima, akaonyeshwa kaburi, akala bada, akasema amesahau utamu wake. Siku ya kuondoka tulimsindikiza Handeni mjini kwenye basi. Ameshaketi, injini inanguruma, ndipo Grasiana akashtuka, akakimbilia dirishani na ile kamera kainyoosha juu.

"Mzee! Mzee, kamera yako!"

Alichungulia. "Nimeikomboa na nini?"

"Bado hujaikomboa."

"Basi, ni ya watani hiyo. Sina cha kuikombolea mimi." Basi likaanza kuondoka, akatoa kichwa nje kabisa, akapaza sauti ile ya ukumbini, ya kuwachana watu. "Yule mama wa mlango! Umemkata miguu! Mtu anayetembea usimkate miguu, unasikia? Zile nyingine zimeiva! Zote zimeiva!"

Grasiana alibaki katikati ya barabara na kamera ya mtu mikononi, mdomo wazi, basi likapotea na vumbi likatulia, bado amesimama. Nikamwendea nikamshika bega. "Mpagazi, funga mdomo, nzi wataingia. Na beba mzigo wako twende, nina vitumbua vya kukaanga."